Jiko Halilali Ndani

Wasee wa Eldi, Julai imefika na tunajua kinachoendelea kwenye mabedsita. Ikifika saa mbili usiku jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa, leso inasukumwa pale chini baridi isipite. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na simcheki mtu anayetafuta joto.

Shida yangu ni ile sheria tuliyorithi: ngoja moshi uishe, makaa yashike vizuri, ndio uingize. Kila mtu anaijua, na ni ya uongo. Kaboni monoksaidi si moshi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na inatoka kwa wingi kwenye yale makaa mekundu masafi tunayoyaamini. Afadhali moshi, utakukohoza utoke nje. Hii gesi inaingia mapafuni kama hewa ya kawaida, inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinagonga, unahisi kutapika, miguu inaisha nguvu. Unadhani ni uchovu, unalala.

Kila msimu wa baridi tunasikia watu wamekutwa asubuhi wamekufa, jiko kando ya kitanda. Mtaani wengine watasema wamerogwa, wengine watasema walikuwa wajinga. Hilo la pili ndilo huniudhi. Walifuata sheria iliyotoka jikoni kwa shosho ama gogo, ambako hewa ilipita kati ya ukuta na paa. Sisi tumeihamishia kwenye chumba cha mawe chenye dirisha moja la kioo.

Halafu tumeiongezea hirizi zetu. Sufuria ya maji juu ya jiko? Maji hayainyonyi hiyo gesi. Kufunika makaa kwa majivu ili yafike asubuhi? Yanaungua polepole usiku kucha, na moto unaokosa hewa ndio unatoa sumu zaidi. "Si nimeacha dirisha wazi kidogo." Kidogo gani, na nani ataamka saa nane usiku kuangalia kama upepo umelifunga?

Najua swali lenu: nikiliacha nje si litaibwa? Litaibwa, hapa hata kamba ya nguo huibwa. Basi ota moto mlango na dirisha vikiwa wazi, na kabla ya kulala toa makaa yote nje, yamwagie maji yazime kabisa, urudishe jiko tupu. Jiko lenyewe usilimwagie, ule udongo wa ndani utapasuka. Kitandani ingia na mpira wa maji moto uliofungwa kwa taulo, soksi mbili na blanketi zito la mitumba. Na usiwashe gesi ya kupikia uiache ikupashe joto usiku, ni shida ile ile.

Mkiamka nyote vichwa vinauma, au mwenzako hasikii ukimwita, msikae hapo kutafuta dawa. Tokeni nje kwanza, mvute huyo mwenzako pia, kisha hospitali. Huko mwambieni daktari kwamba jiko lilikuwa ndani, kwa sababu asipojua anaweza kudhani ni homa ya kawaida na kuwarudisha kwenye chumba kile kile.