TUJIFUNZE HISTORIA: Meli iliungua, mzigo ukapona



Sisi wa Mbeya na Iringa tuko mbali na bahari. Hata hivyo, mwezi huu tuzungumze juu ya meli moja ya mizigo. Mzigo wake ulituhusu.

Meli hiyo iliitwa Rubens. Ilikuwa mali ya Waingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli ilikuwa Hamburg, Ujerumani. Wajerumani wakaiteka.

Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala nchi yetu. Manowari yao, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye midomo ya mto Rufiji. Waingereza waliizuia isitoke. Tena ilikosa makaa ya mawe ya kuendeshea mitambo yake.

Februari 1915, Rubens ilitumwa kuleta msaada. Nahodha wake aliitwa Carl Christiansen. Meli ilipewa jina la uongo, Kronborg. Ilipeperusha bendera ya Denmark, nchi ambayo haikuwa vitani. Juu ilipakiwa mbao. Chini kulikuwa na makaa, bunduki, risasi na nguo. Ilizunguka Afrika kwa kupitia kusini.

Waingereza walinasa habari zake za simu ya upepo. Tarehe 14 Aprili 1915, manowari yao, Hyacinth, iliikuta karibu na Tanga. Rubens ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Hyacinth ikaipiga mizinga. Nahodha aliona hawezi kuponyoka. Akafungulia maji yaingie melini. Mbao zikawashwa moto. Mabaharia wakakimbilia pwani.

Waingereza waliona moto mkubwa. Wakadhani kila kitu kimeteketea. Wakaondoka. Kumbe maji pale hayakuwa na kina kirefu. Mzigo wa chini ulilowa tu, haukuungua. Wajerumani wakautoa. Risasi zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, kisha zikafungwa tena.

Makaa hayakuifikia Königsberg. Waingereza waliiangamiza Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Lakini bunduki na risasi zililifikia jeshi la Wajerumani, chini ya Von Lettow-Vorbeck. Zikalipa nguvu ya kuendelea na vita.

Mwaka 1916, vita ilifika kwetu. Waingereza waliingia Tukuyu mwezi Mei. Mwezi Julai walipigana na Wajerumani huko Malangali. Mwezi Agosti waliingia Iringa.

Huku hakukuwa na reli. Mizigo ya majeshi ilibebwa vichwani. Pande zote mbili zilichukua watu wetu kuwa wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Chakula cha vijijini kilichukuliwa. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa, uchovu na magonjwa. Hata jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Vita haikuwa yetu. Lakini mzigo wake tuliubeba sisi. Wahenga walisema: Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini Waingereza waliondoka Manza?
2. Waulize wazee wa kijiji chako. Je, walisimuliwa na wazee wao habari za wapagazi? Andika majibu yao katika daftari, yasipotee.