Kindu iko na watu wangapi? Wasitupe namba moja tu



Mara ya mwisho watu wa inchi hii kuhesabiwa wote ilikuwa Julai 1984. Inchi iliitwa Zaire, na Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Toka siku ile, kila namba ya watu wa Kindu tunayosomewa kwenye mikutano ni makadirio. Kwa kawaida wanachukua hesabu ya zamani, wanaiongezea asilimia fulani kila mwaka, basi.

Tuone hiyo asilimia inafanya nini. Tuseme kartie moja ilikuwa na watu 10 000 mwaka 1984. Ukiongeza 2,5% kila mwaka, kufika 2024 unapata karibu 26 850. Ukiongeza 3%, unapata karibu 32 600. Nusu ya asilimia tu, na watu zaidi ya 5 700 wamezaliwa kwenye karatasi! Na hapo hatujagusa waliokimbia vita wakaingia mjini, wala vijana walioenda kuchimba dhahabu ao kasiterite kule Pangi na Punia. Asilimia haijui safari.

Juu ya nini tunasema haya? Sababu namba hiyo ndiyo inagawa chanjo. Kituo cha afya kinapewa dozi kwa kufuata watoto wanaokadiriwa. Makadirio yakiwa chini, dozi zinaisha mapema, na ripoti inaweza kuandika kwamba 110% ya watoto wamechanjwa. Wakubwa wanapiga makofi. Hao kumi wa ziada wametoka wapi? Na mama wa Alunguli aliyevuka mto kwa mtumbwi, mtoto mgongoni, anarudi bila chanjo. Makadirio yakiwa juu, muuguzi aliyechanja watoto wote wa eneo lake anaonekana mvivu.

Hata viti 500 vya Bunge la Taifa vinagawanywa kwa kuangalia walioandikishwa na CENI, si wakaaji wote.

Kuna wenzetu wanasema: basi modeli zote ni uongo, tuzitupe. Sisi hapana. Mwaka 2017 na 2018, kwenye mikoa ya magharibi, Kinshasa na Kongo-Central zikiwemo, watu waliingia sehemu ndogo ndogo zilizochaguliwa, wakahesabu nyumba kwa nyumba. Kisha wataalamu wa WorldPop, wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakalinganisha hesabu ile na majengo yanayoonekana kwenye picha za satelaiti, ili kukadiria sehemu ambazo hazikufikiwa. Kitu kilichotupendeza: kila makadirio waliyapa namba ya chini na namba ya juu. Mutu anayekadiria bila kusema anaweza kukosea kwa kiasi gani, huyo anatupangia tu.

Lakini modeli ya Kinshasa isiletwe Maniema hivi hivi. Paa la majani chini ya miti, satelaiti inaweza kulikosa. Nyumba ya Mikelenge yenye familia tatu, ukiiona toka juu ni paa moja. Kambi ya wachimbaji iko leo, kesho imehama. Lazima kwanza watu wahesabiwe hapa hapa, hata kwenye sehemu chache: Kasuku, Mikelenge, Alunguli, na kule msituni pia. Sehemu zenyewe zichaguliwe kwa kura, si kwa kufuata barabara nzuri ao kijiji cha depite.

Tunaiomba serikali itangaze tarehe na pesa za hesabu ya inchi nzima. Kabla ya siku hiyo, kila ofisi ya mkoa inayotoa namba ya watu iandike pembeni imetoka wapi, na asilimia gani imetumika. Na wewe kijana, mkubwa akisimama kwenye mkutano na kusema Kindu iko na watu kadhaa, nyanyua mkono, muulize: chini ni ngapi, juu ni ngapi, na nani alihesabu?