Zimwi Ndani ya Daftari: Hadithi za Ajabu na za Picha katika Somo la Kusoma

Iko dhana iliyoota mizizi katika shule zetu za msingi kwamba kitabu kinachompendeza mtoto kupita kiasi hakiwezi kuwa na faida kwake. Kwa dhana hiyo, hadithi ya majini na mazimwi huhesabiwa kuwa ushirikina, hadithi ya vyombo viendavyo kwenye nyota huhesabiwa kuwa ndoto za mchana, na hadithi ya picha, yaani ile tuiitayo kibonzo au katuni, huhesabiwa kuwa upuuzi wa vijiweni. Mwanachuo aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha huirithi dhana hii kwa mwalimu aliyemkuta darasani, naye pengine huitekeleza kwa bidii kuliko mwalimu mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuipinga.

Wapo wadhanio kwamba hadithi za ajabu ni bidhaa ya kigeni iliyotufikia kwa meli na kwa televisheni. La hasha. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitupa *Kusadikika*, nchi ielelayo hewani, ambayo wajumbe wake walitumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, nao waliporudi na habari za mambo mema waliyoyaona walitiwa gerezani. Mwaka uliofuata alitupa *Adili na Nduguze*, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Hakuna aliyewahi kumwambia Shaaban Robert kwamba anapotosha watoto. Baada yake, Euphrase Kezilahabi aliandika *Nagona* mwaka 1990, na Katama Mkangi wa Kenya akaandika *Walenisi* mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa katika chombo na kurushwa hadi nchi asiyoijua. Hata Alice wa Lewis Carroll alikwisha kusema Kiswahili mwaka 1940, akiitwa Elisi, na mwaka 2015 akarudi katika tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis. Vingi kati ya vitabu hivi havimfai mtoto wa Darasa la Nne, na *Nagona* huwashinda hata watu wazima. Lakini vinatosha kumnyamazisha yule asemaye kwamba ajabu si yetu.

Kwa upande wa picha, historia yetu ni tajiri vilevile. Wasomaji wa gazeti la *Uhuru* walimjua Chakubanga. Wa *Taifa Leo* kule Kenya walimjua Juha Kalulu. Kisha lilikuja jarida la *Sani*, lililoanza katika miaka ya 1970, likiwa na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Kipepe, waliochorwa na Philip Ndunguru hadi alipofariki mwaka 1986. Nimewasikia watu wazima wa Tandika, Manzese na Mwananyamala wakikiri kwamba jarida la kwanza walilolisoma toka jalada la mbele hadi la nyuma bila kulazimishwa na mtu lilikuwa *Sani*. Lilipita mikononi mwa watu wengi hata likachakaa, na aliyekuwa hajui kusoma vema alisomewa na mwenziwe huku akifuata kwa kidole.

Hapo kwenye kidole ndipo penye somo letu, na ningependa mwanachuo atulie kidogo apatazame. Mtoto anayejifunza kusoma ana mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja: kuutambua mwandiko, na kuijua maana. Mtoto wa Mbagala aliyekabidhiwa kifungu kirefu kisicho na picha hujitwika yote miwili, na mara nyingi huutua wa pili. Husoma kwa sauti nzuri tangu mwanzo hadi mwisho, na ukimwuliza amesoma nini hukutazama tu. Hadithi ya picha humpunguzia mzigo. Picha humtangulizia maana, kisha neno lililo katika kiputo huja kuthibitisha. Maneno ni machache, yamekatwa kwa kadiri ya pumzi moja, na yameandikwa karibu na kinywa cha msemaji, hata mtoto hana shaka ni nani asemaye.

Tena kuna jambo ambalo walimu wengi hawalioni, nalo ni lile pengo lililo kati ya kisanduku na kisanduku. Katika kisanduku cha kwanza mtu amepanda juu ya mnazi. Katika cha pili amelala chini na mguu umefungwa bendeji. Kuanguka kwenyewe hakukuchorwa. Aliyekuchora ni msomaji, ndani ya akili yake. Tendo hili la kujaza lisilosemwa ndilo lile tunalolitafuta kwa taabu katika maswali ya ufahamu, tunapomwuliza mwanafunzi ni kwa nini fulani alifanya hivi au vile. Mtoto aliyezoea vibonzo hulifanya mara kumi katika ukurasa mmoja wala hajui kwamba anafanya kazi.

Nieleze sasa niliyoyaona katika shule moja ya kandokando ya Temeke, nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Darasa la Tano lilikuwa na watoto wapatao mia na ishirini. Mwanachuo alikuwa akifundisha utungaji, na kichwa cha habari kilikuwa siku ya kwenda kumtembelea bibi. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma alinyang'anywa daftari alilokuwa akiandikia mambo mengine, likawekwa juu ya meza ya mwalimu, nami nikalifungua. Lilikuwa na kurasa thelathini na zaidi za hadithi ya zimwi liishilo chini ya maji ya Kigamboni, mahali pipitapo pantoni, ambalo halikuwala abiria ila waliokuwa wamewasukuma wazee wakati wa kupanda. Zilikuwamo picha, tena visanduku vimepigwa kwa rula. Zilikuwamo alama za kufunga na kufungua usemi, nazo zilikuwa mahali pake. Mtoto huyohuyo, katika utungaji wa siku ile, alikuwa ameandika mistari minne, na mstari wa nne ulisema kwamba bibi alifurahi sana.

Daftari lile halikurudishwa siku ile. Mwalimu wa darasa alisema linapotosha na kwamba watafanya mtihani, akalitia kabatini. Nilizungumza na mwanachuo baadaye chini ya mwembe, kwa kirefu. Na nilichomwambia nakiandika hapa kwa ajili ya wengine. Watoto mia na ishirini, na katika hao mmoja amejitungia kazi kubwa kuliko tuliyomwagiza. Mwalimu asipomwuliza zimwi lile lilikujaje, hatapata tena nafasi nzuri kama ile ya kufundisha utungaji katika muhula mzima.

Wapo watakaojibu kwamba hadithi za majini huwatia watoto hofu, na hofu hiyo tunaijua. Ni kweli kwamba katika shule zetu huzuka mara kwa mara uvumi wa jini la chooni, au wasichana huanguka mmoja baada ya mwingine, masomo yakasimama na wazazi wakaja mbio langoni. Sikebehi mambo haya, wala imani za wazazi wetu, Waislamu kwa Wakristo. Lakini tazama tofauti. Uvumi hauna mwandishi. Hakuna ajuaye ulianzia wapi, na kwa sababu hiyo hakuna awezaye kuusimamisha. Hadithi ina mwandishi, ina mwanzo na ina mwisho, na mtoto aliyewahi kulichora zimwi kwa mkono wake, akafuta jicho moja na kulichora upya kwa sababu halikumpendeza, amekwisha kujua jambo moja kubwa kuhusu mazimwi ya daftarini: kwamba yapo wanaoyatengeneza. Mtoto huyo ni mgumu kudanganywa. Bibi zetu walilielewa hili walipoanza ngano kwa paukwa na kuitikiwa pakawa. Walikuwa wakitangaza hadharani kwamba sasa tunaingia katika mambo ya kubuni. Sisi tumeliondoa tangazo hilo darasani, kisha twashangaa watoto wanapochanganya yaliyobuniwa na yaliyotukia.

Hoja ya lugha ni nyepesi zaidi. Wanasema vibonzo vimejaa lugha ya mitaani. Vimejaa, ndiyo. Basi mwalimu wa Kiswahili akiandika ubaoni maneno ya Lodi Lofa upande mmoja, na upande wa pili maneno hayohayo kama ambavyo yangesemwa mbele ya hakimu, amepata somo la matumizi ya lugha ambalo hakuna mtoto atakayelilalia.

Sitaki mwanachuo adhani natetea kila chenye picha. *Sani* halikuandikwa kwa ajili ya watoto. Limo humo pombe na mapenzi ya watu wazima, na mwalimu achukuaye ukurasa bila kuusoma kwanza atajuta mbele ya wazazi. Vilevile mashujaa wa Marekani, wale warukao angani wakivaa mavazi ya kubana, ambao watoto wa Tandale na Mtoni huwajua kupitia vibanda vya video na simu za kaka zao, wengi wao hunichosha. Kila jambo huamuliwa kwa ngumi, na ngumi huja palepale ulipoitazamia. Lakini kuchoka kwangu si sababu ya kupiga marufuku. Ni sababu ya kumwuliza mtoto: shujaa wako angefanyaje kama tatizo ni mafuriko ya Mto Msimbazi, ambayo hayana shavu la kupigwa?

Swali hilo ndilo mlango wa hadithi za kisayansi, na kwa maoni yangu ndizo tulizozipuuza kuliko zote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliziondoa familia nyingi bondeni, na baadhi zilihamishiwa Mabwepande. Watoto wetu wengi wamesimuliwa habari hizo nyumbani, na mafuriko ya miaka ya karibuni wameyaona kwa macho yao. Waulize Darasa la Sita: Jangwani itakuwaje mwaka 2080? Nyumba zitasimama juu ya nini? Mtoto atakwendaje shuleni? Mmoja ataandika habari za nyumba zielelazo, na hapo itambidi aeleze ni kwa nini kitu huelea, na mwalimu wa sayansi atakuwa amepata kazi yake bila kuomba. Kipindi cha *Ubongo Kids*, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014 na kinachotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, kimekwisha kuonyesha kwamba hesabu na sayansi hukaa vizuri ndani ya katuni za Kiswahili.

Kuhusu vifaa, msinitajie uhaba. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, nalijua hilo. Lakini kibonzo ni zana ya maskini. Chukua ukurasa mmoja unaofaa, ziba maneno ya viputo kwa vipande vya karatasi, uuchore ubaoni, na uwaambie wanafunzi wayatunge. Siku nyingine kata visanduku sita, uvichanganye, na kila kikundi kivipange upya na kueleza sababu ya mpango wake; mara nyingine vikundi viwili vitatoa mipango miwili tofauti na yote miwili itakuwa sahihi, nawe uwaachie wabishane. Nyuma ya kalenda za mwaka uliopita panatosha kwa hadithi nzima. Kamba ya mkonge ikifungwa toka dirisha hadi dirisha, hadithi za darasa zikaning'inizwa juu yake kwa vibanio vya nguo, hiyo ni maktaba. Acha watoto waisome wakati wa mapumziko, wala usiweke mtihani juu yake.

Mwanachuo mmoja aliniuliza ataandika nini katika andalio la somo ili mthibiti ubora asimkemee. Aandike kama ilivyo. Umahiri: kusoma kwa ufahamu. Zana: hadithi ya picha yenye visanduku sita, iliyochorwa na wanafunzi wa Darasa la Tano. Kazi ya mwanafunzi: kueleza kilichotokea kati ya kisanduku cha tatu na cha nne. Mthibiti ubora akiuliza zimwi linafanya nini katika kisanduku cha nne, amwite mtoto aliyelichora aje amweleze.