Hesabu Moja, Watoto Wengi

Wapo wanaoshikilia kwamba haki darasani ni kumpa kila mtoto hesabu ileile kwa dakika zilezile. Huo mimi nauita uvivu.

Mtoto wa Sirari, pale mpakani Tarime, hutumwa dukani na shilingi za nchi mbili; chenji ameijua kabla ya darasa la kwanza. Mwenzake wa vijiji vya Serengeti hubaini jioni kwamba ndama wawili hawajarudi zizini, ila hesabu hiyo huisema kwa Kingoreme. Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Basi akinyamaza darasani huitwa mjinga, kumbe kilichomshinda ni neno tu.

Watasema: darasa limejaa, mwalimu mmoja ataandaaje masomo matatu? Nani kataka matatu? Swali ni moja: ng'ombe 24, mazizi 4, kila zizi wangapi? Anayeanza agawe punje za mahindi. Aliyeelewa achore. Aliyemaliza aulizwe: wakiwa 26 je? Kisha kila mmoja aeleze njia yake, na akikwama, aanze kwa lugha ya mamake, mwenzake amsaidie kuileta kwenye Kiswahili.

Punje hazingoji mfadhili. MMEM ilipoanza mwaka 2002, shule bila ada, watoto walifurika madarasani. Kuwafungulia mlango ilikuwa nusu ya kazi. Anayewafundisha wote kama mtoto mmoja huwafungia mlango huohuo, wao wakiwa ndani.