Ushuru wa 25% kwa kamera unamlinda nani?

Kamera nzuri inapowekwa kwenye kabati la duka mjini Mwanza, sehemu kubwa ya bei yake haimhusu mtengenezaji wala mwenye duka. Chukua kamera ambayo hadi inafika nchini, pamoja na bima na nauli ya safari, thamani yake ni shilingi milioni 5. Ushuru wa forodha wa 25% unaongeza 1,250,000. Inafuata VAT ya 18%, nayo haihesabiwi juu ya ile milioni 5 bali juu ya milioni 6 na robo, maana yake kodi inatozwa hata juu ya ushuru. Hapo inaongezeka 1,125,000. Mzigo unatoka forodhani ukiwa umegharimu 7,375,000, kabla hujagusa tozo ya reli, ada ya kuchakata nyaraka, malipo ya wakala wa forodha na nauli ya kuufikisha Mwanza. Mfanyabiashara naye hahesabu faida yake kwa bei ya kiwandani. Anaihesabu kwa fedha yote iliyomtoka mfukoni. Akiweka 20%, mteja analipa 8,850,000. Ushuru wa forodha usingekuwepo, VAT na faida zikabaki vilevile, mteja huyo angelipa 7,080,000. Ushuru wa milioni moja na robo umemfikia mnunuzi ukiwa milioni moja, laki saba na sabini elfu. Ndiyo kawaida ya ushuru unaotozwa mwanzo wa safari ya bidhaa: kila anayeipokea anaongeza asilimia yake juu ya uliokwisha kulipwa.

Watetezi wa ushuru huu wana majibu mawili, kwamba serikali inahitaji mapato na kwamba viwanda vya nyumbani vinahitaji ulinzi. La mapato nitalirudia. La ulinzi ndilo chimbuko la 25% yenyewe. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza kazi Januari 2005, nchi wanachama zilikubaliana madaraja matatu: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, na 25% kwa zilizokamilika. Julai 2022 likaongezwa daraja la nne la 35%, linalogusa vitu kama samani, nguo za pamba, nyama, maziwa na mafuta ya kula. Mtu anaweza kubishana na viwango, lakini anayelindwa anaonekana. Samani za nje zikitozwa sana, seremala wa Mwanza anapata nafasi ya kuuza kabati lake. Mafuta ya kula kutoka nje yakitozwa, mkulima wa alizeti wa Singida anapata soko. Kamera ya dijiti iko kwenye 25% kwa sababu inafika ikiwa imekamilika. Kutoka Mombasa hadi Bujumbura hakuna kiwanda kinachounda kamera wala kinachosaga kioo cha lenzi. Canon, Nikon, Sony na Fujifilm zinatengenezewa Japani, Thailand na China, na hakuna kiwango cha ushuru kitakachohamishia kazi hiyo Nyakato, Mwanza.

Ukiondoa hoja ya ulinzi, kinachobaki ni kodi juu ya zana ya kazi, na Nyegezi, Mwanza, ni mahali pazuri pa kuangalia inamwangukia nani. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha hapo kituo cha mafunzo ya jamii, na mwaka 1998 kikazaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Uandishi wa habari ni moja ya fani zilizolipa eneo hili jina, na waliosomea Malimbe, kilipo chuo hicho, utawakuta katika vyumba vingi vya habari nchini. Pembeni ya chuo kuna uchumi mwingine usioandikwa sana: mahafali, sendoff, kipaimara, harusi, hata misiba ambayo ndugu walio mbali wanataka kuiona. Anayepokea oda ya harusi hawezi kwenda na kamera moja, kwa sababu ikigoma wakati wa kuvishana pete, pete haivishwi mara ya pili kwa ajili yake. Ukumbi una taa za rangi na mwanga hafifu. Bibi harusi anaingia akicheza na wapambe, na lenzi ya bei poa inatoa picha iliyojaa chenga au iliyopotea ukungu. Kwa hiyo anahitaji lenzi inayomeza mwanga mwingi, na lenzi ya namna hiyo mara nyingi ni ghali kuliko kamera inayoibeba. Vifaa ambavyo duniani huitwa vya kifahari, kwake ni masharti ya kulipwa. Mteja aliyepewa picha mbovu halipi salio.

Linganisha na kompyuta. Nayo ni bidhaa iliyokamilika, nayo haitengenezwi hapa, na bado katika viwango hivyohivyo vya Jumuiya inaingia kwa 0%. Waliopanga viwango walitambua kwamba kompyuta ni chombo cha kuzalisha, na kwamba kuitoza ni kumtoza anayejifunza na anayefanya kazi. Walikuwa sahihi. Lakini matokeo yake ni kwamba mhariri wa video anaingiza kompyuta bila ushuru ili ahariri picha zilizopigwa na kamera iliyotozwa robo ya thamani yake. Sioni hoja ya kiuchumi inayoweza kutenganisha vyombo hivyo viwili. Naona vilitenganishwa na mazoea: kamera ilizoeleka kama kitu cha mtalii na cha mwenye nacho, na mazoea hayo yakabaki kwenye jedwali la forodha baada ya maisha kubadilika.

Mtalii mwenyewe halipi, na hapa ndipo mpangilio unapopinda zaidi. Sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu mgeni kuingia kwa muda na vifaa vyake na kuondoka navyo bila kutozwa ushuru. Ni utaratibu mzuri, na kuufuta kungekuwa kujikata mguu. Lakini tazama matokeo yake kwenye lango la Ndabaka, upande wa ziwa, ambako barabara ya Mwanza hadi Musoma inapakana na Serengeti. Mgeni anapita na lenzi ndefu yenye thamani ya gari dogo na hadaiwi hata shilingi ya ushuru. Mpiga picha wa Mwanza anayetaka kumpiga simba huyohuyo, au ndege wa kisiwa cha Saanane kilichopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013, anaanza akiwa nyuma kwa ushuru wa 25% wa kamera, na VAT juu yake. Kampuni kubwa iliyosajiliwa VAT inaweza angalau kurejeshewa kodi hiyo. Studio ndogo haiwezi, kwa sababu tangu Julai 2023 usajili unaanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na ni wachache wanaofika huko kwa kupiga picha za harusi. Ushuru wa forodha ndio hakuna anayerejeshewa. Tunafurahi, kwa haki, kwamba filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022 ilipeleka sura ya nchi mbali, na serikali kupitia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa inawakopesha wasanii. Kumkopesha mtu mtaji kisha kumkata robo ya thamani ya chombo anachokwenda kununua ni kumpa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto.

Wapo wanaosema ushuru humezwa na mtengenezaji, kwamba Wajapani watapunguza bei ili wasipoteze soko. Marekani imetupa jibu la karibuni. Serikali ya Donald Trump ilipopandisha ushuru mwaka 2025, Nikon ilitangaza kupandisha bei huko kuanzia Juni 23 na ikautaja ushuru kuwa sababu. Leica na Canon nazo zilipandisha. Ikiwa soko kubwa kama lile halikuweza kumlazimisha mtengenezaji aumeze ushuru, duka la Mwanza litamlazimisha kwa ubavu gani? Ulaya ina mfano wa kushangaza zaidi. Kamera ya picha iliingia huko bila ushuru, lakini iliyoweza kurekodi video kwa dakika 30 mfululizo ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa takriban 5%. Watengenezaji wengi wakaziwekea kamera zao kikomo cha dakika 29 na sekunde 59, na kamera hizo zikauzwa duniani kote. Anayerekodi mahubiri au hotuba za mahafali na kukuta kamera imejizima katikati amekutana na ushuru wa Ulaya bila kujua. Ushuru mdogo wa asilimia tano uliweza kubadilisha umbo la chombo chenyewe. Wetu ni mara tano ya huo. Desemba 2015, katika mkutano wa Shirika la Biashara Duniani, nchi kadhaa zilihitimisha makubaliano ya kufuta ushuru wa bidhaa zaidi ya 200 za teknolojia. Mkutano ulifanyika Nairobi. Tanzania haimo kwenye makubaliano hayo.

Sasa mapato. Kila shilingi inayoachwa forodhani lazima ipatikane pengine, na anayependekeza msamaha bila kulikubali hilo hasemi kweli. Lakini kamera si kontena la vigae. Ina uzito wa chini ya kilo moja, thamani yake ni mamilioni, na inaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na fulana mbili. Raymond Fisman na Shang-Jin Wei, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walilinganisha bidhaa ambazo Hong Kong iliandika kuwa imezipeleka China na zile ambazo China iliandika kuwa imezipokea. Walikuta kwamba kila kiwango cha kodi kinapopanda kwa pointi moja ya asilimia, pengo la ukwepaji linapanuka kwa takriban asilimia tatu. Bidhaa ndogo ya thamani kubwa inayotozwa robo ya bei yake ni mwaliko kwa abiria wa Dubai kuiingiza kama yake binafsi na kuiuza Kariakoo. Anayelipa ushuru kamili ni mwenye duka mwenye leseni, risiti na mashine ya TRA, na ndiye anayeshindwa bei na begi la mgongoni. Ushuru ukishuka, faida ya kukwepa inapungua, mzigo zaidi unapita mlangoni, na VAT ya 18% inakusanywa kwa watu ambao leo hawalipi chochote. Sidai kwamba itafidia pengo lote. Nadai kwamba pengo ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Pingamizi la haki ni zito zaidi kwangu: kwa nini tumpunguzie kodi tajiri anayenunua Leica, wakati mama lishe analipa kodi katika kila anachonunua? Ni kweli kwamba jedwali la forodha halimjui mnunuzi. Fungu la kamera za dijiti linachanganya Leica ya mkusanyaji, kamera ya mpiga picha wa Butimba na hata kamera ya ulinzi ya getini. Lakini anasa ina dawa yake. Serikali inaweza kuweka ushuru wa bidhaa kwa kamera inayozidi thamani fulani, na Jumuiya inaweza kugawa fungu hilo katika mistari midogo zaidi. Kumtoza kila mwenye kamera ili kumpata mwenye Leica ni kukamata samaki mmoja kwa kukausha bwawa. Wanaosema simu inatosha siku hizi wana nusu ya ukweli: inatosha kwa habari ya haraka, haitoshi ukiwa jukwaani CCM Kirumba na goli liko upande wa pili wa uwanja.

Kuna wanaoona kwamba mkosaji halisi ni shilingi. Kweli, mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu na shilingi 2,330, na katikati ya 2024 ilizidi 2,600, na bei za vifaa zikapanda. Lakini ushuru wa asilimia hauko kando ya jambo hilo. Thamani ya mzigo hugeuzwa kuwa shilingi kwanza, kisha inatozwa. Shilingi ikianguka, ushuru nao unapanda bila Bunge kuamua lolote. Na serikali haina uwezo wa kuipangia dola bei yake, wakati kuhusu ushuru ina la kufanya. Kuhusu hofu kwamba wafanyabiashara watakula punguzo lote, miezi ya mwanzo huenda wakala, hasa wenye mzigo wa zamani. Baada ya hapo wapo wengi mno, Kariakoo na Mwanza, wanaouza kamera ileile kwa mteja anayelinganisha bei kwenye simu yake kabla ya kupanda daladala.

Njia ya kujaribu kuondoa ushuru huu ipo na inatumika kila mwaka. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kabla ya bajeti, na nchi inaweza kuomba kutumia kiwango tofauti kwa muda. Hotuba ya bajeti ya Juni huwa na orodha ndefu ya maneno ya aina hii: kutoza ushuru wa 0% badala ya 25% kwa kipindi cha mwaka mmoja. Mstari mmoja wa namna hiyo kwa kamera na lenzi, VAT ikibaki kama ilivyo, ungeipa TRA mwaka mzima wa takwimu za kupima kama mzigo ulioandikishwa umeongezeka na kama bei dukani imeshuka. Isiposhuka, kiwango kirudishwe. Wizara ya Fedha huwaalika wadau kutoa maoni ya kodi kabla ya bajeti kuandikwa. Wapiga picha wa Mwanza, walimu wa SAUT na klabu ya waandishi wa habari wa mkoa waandike mapema, na waambatishe nyaraka za forodha pamoja na bei za dukani.