Tamko la Wazazi Kuhusu Usalama wa Taarifa za Watoto Katika Mifumo ya Kufuatilia Mabasi ya Shule

Sisi wazazi na walezi wa Dar es Salaam tuliojiunga katika chama chetu, ambao watoto wetu hupanda mabasi ya shule kila siku ya masomo, tumejadili mifumo ya kidijitali inayofuatilia mabasi hayo pamoja na watoto waliomo. Tunatoa tamko hili kwa wamiliki na wakuu wa shule, kwa kampuni zinazouza mifumo hiyo, kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa wazazi wenzetu.

Ieleweke mapema kwamba hatupingi mabasi kufuatiliwa. Hatujasahau ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, iliyotuondolea wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Hatujasahau wanafunzi waliosombwa na mafuriko Arusha, Aprili 2024, wakiwa ndani ya gari la shule. Mzazi ambaye mtoto wake wa chekechea huchukuliwa saa 11 alfajiri kule Chanika au Mbezi, kisha foleni ikamrudisha nyumbani magharibi, ana haki ya kujua gari liko wapi na linakwenda kwa mwendo gani. Akiambiwa ipo programu ya simu itakayomwonyesha, ataipokea kwa mikono miwili, na tunamwelewa.

Tunachokataa ni kufanya kana kwamba kulifuatilia gari na kumfuatilia mtoto ni jambo moja. Gari likifungwa kifaa cha GPS chenye laini ya simu, mzazi anapata jibu la swali lake. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, nayo hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa vifaa vilivyofungwa kwenye gari, na kazi hiyo haijawahi kuhitaji alama ya kidole ya abiria. Lakini mtoto akipewa kadi ya kugonga mlangoni, au akachukuliwa alama ya kidole au sura, mfumo unaanza kuandika maisha yake: jina, darasa, kituo, saa ya kupanda, saa ya kushuka, anayempokea, namba za simu za baba na mama. Kumbukumbu za siku moja hazina uzito mkubwa. Za muhula mzima zitamwambia yeyote atakayezipata kwamba mtoto huyu hushuka kituo kile kila Jumanne na Alhamisi saa 10:40 jioni, na kwamba siku hizo hapokelewi na mtu mzima. Mwenye nia mbaya atatafuta nini zaidi ya hapo?

Mambo haya yamekwisha kutokea kwingine. Nchini Marekani, watafiti wa kampuni ya usalama wa mitandao ya Tenable waligundua udhaifu katika programu ya wazazi ya Edulog, mfumo wa kupanga na kufuatilia mabasi ya shule. Mtu aliyefungua akaunti ya bure aliweza kupata kutoka kwenye seva majina ya wanafunzi, mabasi waliyopangiwa, mahali mabasi yalipo na mawasiliano ya wazazi wa watoto asiowajua kabisa. Kurasa za programu zilionekana salama, kwa kuwa zilimwonyesha kila mzazi mtoto wake tu. Nyuma ya kurasa hizo seva haikuwa ikihakiki kama anayeomba taarifa ana haki nazo. Udhaifu huo ulirekebishwa, ila mzazi wa kawaida asingeweza kuugundua kwa kutazama simu yake. Kisha Desemba 2024 wadukuzi waliingia katika mifumo ya PowerSchool, kampuni inayotunza kumbukumbu za shule nyingi za Marekani na Kanada, kwa kutumia nenosiri la wizi, wakachota taarifa za mamilioni ya wanafunzi. Kampuni ililipa fedha ili taarifa zifutwe. Mei 2025 baadhi ya mamlaka za shule zilianza kutishiwa upya kwa taarifa zilezile.

Kwetu tatizo huanza mahali pa kawaida zaidi. Nenosiri ni moja, nalo hutumiwa na dereva, matroni na ofisi ya usafiri, na matroni akiacha kazi halibadilishwi. Orodha ya watoto, vituo vyao na simu za wazazi imebandikwa karibu na mlango wa gari, kila mpita njia anaisoma. Ujumbe unaotaja jina la mtoto, kituo na saa aliyoshushwa hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la njia nzima, lenye hata watu ambao watoto wao walishahama shule. Tunayasema haya kwa kuwa tunayaona kila wiki. Hatuwalaumu matroni, wanaofanya kazi ngumu kwa malipo madogo na ambao hakuna aliyewafundisha.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa binafsi nyeti. Fomu ya kujiunga yenye mstari mmoja kwamba mzazi "amekubali huduma zote za shule" haiwezi kuitwa ridhaa. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kama picha zimefikia uzito huo, ratiba ya mtoto haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo dogo.

Kwa hiyo tunazitaka shule zitenganishe ridhaa ya usafiri na ridhaa ya ufuatiliaji, na mtoto wa mzazi anayekataa kadi au alama ya kidole asikoseshwe kiti. Alama za vidole na sura zisichukuliwe kabisa kwa kazi ya basi. Daftari la matroni linatosha kuhesabu vichwa. Kumbukumbu za safari zifutwe baada ya siku 30, isipokuwa kuna tukio linalochunguzwa. Kila mtumishi awe na nenosiri lake, lifungwe siku anayoondoka. Kampuni ieleze kwa maandishi, kwa Kiswahili, seva zake ziko nchi gani, nani anaziingia, na taarifa zitakwenda wapi mkataba ukiisha. Taarifa zikivuja, mzazi aambiwe ndani ya saa 72.

Tunaiomba Tume ikague mifumo hii kabla ya muhula ujao, na itoe mwongozo mahususi kwa usafiri wa wanafunzi. Wazazi wenzetu, acheni kusambaza picha za skrini zinazoonyesha gari lilipo, na jina la mtoto lisitajwe kwenye makundi. Mzazi atakayenyimwa huduma kwa kukataa kutoa alama za mtoto wake alete barua ya shule kwa katibu wa chama. Tutaiwasilisha kwa Tume pamoja naye.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote.