Mafuta ya Karafuu Yapelekwe Bandani, Si Wodini

Tusidanganyane. Ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu ni uleule: matone matatu ya mafuta ya karafuu asubuhi, UTI sugu kwaheri, tupa vidonge. Na chini yake, kwa mbwembwe, "utafiti umethibitisha".

Utafiti upo, sikatai. Yujenoli, kemikali iliyojaa kwenye mafuta hayo, hutoboa utando wa bakteria hadi vya ndani vikavuja, na huua hata wale walioshinda antibiotiki. Huwaulia wapi? Kwenye kisahani cha maabara. Jiki nayo inaua kwenye kisahani, mbona hamuinywi? Mwaka 1993 madaktari waliandika habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 tu za mafuta ya karafuu: alipoteza fahamu, damu ikashindwa kuganda, ini likaumia. Anayemwachisha mgonjwa wa nimonia sindano ili amuuzie chupa hiyo anamnyang'anya boya mtu anayezama.

Lakini wauza chupa wamepata soko kwa sababu usugu wa bakteria kwa antibiotiki ni wa kweli, na tumeupalilia wenyewe. Mwaka 2019 uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Muuza dawa anakukatia amoksilini ya siku mbili bila cheti. Mfugaji anamimina OTC, antibiotiki ya oksitetrasaiklini, kwenye maji ya vifaranga wazima, eti kinga, na kuku akiwa bado na dawa mwilini anapelekwa sokoni. Tunakula usugu kwa ugali!

Hapo bandani ndipo mafuta ya mimea yana kazi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na wafugaji wa huko wakaanza kutia mafuta ya oregano na thaimu kwenye chakula cha kuku. Hayafanyi miujiza; banda chafu litabaki chafu. Ila sisi tuna kiwanda cha makonyo pale Wawi, Pemba, kinachozalisha mafuta ya makonyo ya karafuu na ya mchaichai, na tuna Chuo Kikuu cha Sokoine chenye madaktari wa mifugo. Wizara ya mifugo iwape fedha wayapime kwenye mabanda ya wafugaji wetu, watuambie kipimo, gharama na madhara. Semina za hotelini zimetosha.

Nawe uliyeandikiwa antibiotiki, imeze kama ulivyoelekezwa. Karafuu itie kwenye pilau.